Picha ya Saba ya Mwigaji

Lenzi niliyowaachia kabatini ni nzito kuliko inavyoonekana. Msiinyanyue kwa mkono mmoja mbele ya wageni ili kujionyesha. Mimi nilifanya hivyo siku ya tatu baada ya kukabidhiwa kamera, na ile alama ya kubonyea mnayoiona kwenye ukingo wake ni sahihi yangu. Naacha kazi kwa sababu mkono wa kushoto umeanza kutetemeka, na mpiga picha wa ndege anayetetemeka ni kama mwashi mwenye kizunguzungu: anaweza kuendelea, ila watu wasimame mbali. Nina miaka arobaini na sita. Daktari ameniambia nitulie mahali pamoja. Sijui alikuwa akimwambia nani, kwa maana miguu yangu haikusikiliza.

Mmeniomba niandike yale ambayo hayamo katika ripoti. Basi vyeo nitaviruka. Vilikuwa vichache, na hakuna hata kimoja kilichowahi kupiga picha nzuri.

Nilianza mwaka ule nchi ilipobadilishwa jina ikawa Zaire, nasi wote tukaambiwa tuitane citoyen, yaani raia, badala ya bwana. Nilikuwa nimetoka shule ya sekondari, mwandiko wangu ulinyooka, na hiyo ndiyo sababu pekee ya kuajiriwa. Ofisi yetu ya utafiti wa ndege ilikuwa na vyumba vitatu tu katika nyumba ya zamani ya mzungu mmoja, si mbali na kituo cha reli cha Kindu. Tulitakiwa kupiga picha za ndege wanaoishi karibu na nyumba za watu, wale waoga wa vichakani ambao kila mtu huwasikia na hakuna anayewaona, ili kitengenezwe kitabu cha shule. Kitabu hicho hakijatoka mpaka leo. Ndege nao hawajauliza.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa mzee Lusangi. Ujana wake wote aliutumia kutega ndege kwa ulimbo, kuwachuna na kuwajaza pamba kwa ajili ya makabati ya wazungu. Halafu amri ikaja kwamba ndege sasa wachukuliwe kwa picha, wakiwa hai. Alikubali bila furaha na bila huzuni.

“Zamani niliwatoa matumbo,” aliniambia siku ya kwanza. “Sasa nawatoa vivuli. Sijui ni gani inawauma zaidi.”

Kwa majuma mawili hakunipa kamera. Alinipeleka katika bustani ya nyumba iliyoachwa, ng’ambo ya barabara, ambako wenyewe waliondoka wakati wa vita vya waasi bila kufunga madirisha. Kazi yangu ilikuwa kukaa, kunyamaza na kuhesabu. Chini ya mparachichi palikuwa na kiti cha chuma, kimeelekea nyumba. Nilipotaka kukikalia, Lusangi alinishika bega.

“Kile hapana. Kiko na mwenyewe.”

“Mwenyewe yuko wapi, mzee?”

“Njo maana usikikalie.”

Nilikaa chini, juu ya majani yenye umande, na siafu sita walinipanda mguu. Ndege wa bustani ile walikuwa waoga kuliko wa msituni. Ndege wa msituni hamjui mtu. Wale walimjua mtu, kisha mtu akaondoka, na nadhani walikuwa bado wanangoja kujua kwa nini.

Sasa niseme juu ya mikono. Vile vyuma vya miguu mitatu vya kusimamishia kamera tuliandikiwa kwamba vimetumwa. Viliibwa njiani mara mbili, na mara ya tatu tuliletewa mguu mmoja. Kwa hiyo tulijifunza kushika lenzi ndefu kwa mikono mitupu. Kiganja cha kushoto kinakaa chini ya lenzi kama chini ya kichwa cha mtoto aliyelala. Viwiko vinabana mbavu. Ukipata ukuta, egemea. Ukikosa, kaa chini na uweke viwiko juu ya magoti. Vuta pumzi, toa nusu yake, ngoja pale katikati ambapo mwili umenyamaza, kisha bonyeza kwa nyama ya kidole, taratibu, mpaka kamera ikushtue wewe mwenyewe. Lenzi ya milimita mia nne inataka moja ya mia tano ya sekunde. Chini ya hapo unapiga picha ya mapigo ya moyo wako. Vichakani mwanga hautoshi, kwa hiyo mtashuka hadi moja ya mia moja na ishirini na tano, na mtaomba Mungu. Nimejaribu yote mawili, na kuomba bila kubana viwiko hakusaidii.

Lenzi ikae ndani ya debe pamoja na mchele uliokaangwa bila mafuta. Bila hivyo, unyevu wa Kindu huotesha ukungu ndani ya kioo, nyuzi nyembamba kama za buibui, na kila ndege atatoka amefunikwa utandu. Maji ya kuoshea filamu yatuame usiku kucha, yachujwe kwa kitambaa, yapozwe ndani ya mtungi. Maji ya moto hulainisha ngozi ya filamu, na ndege chozi mchanga atatoka na makunyanzi ya bibi yake.

Na jambo la mwisho alilonifundisha Lusangi kuhusu kamera ndilo ninalolifikiria zaidi. Ndani yake kuna kioo kinachokuletea picha machoni. Ukibonyeza, kile kioo kinaruka juu ili kupisha mwanga ufike kwenye filamu, na kwa muda huo mfupi wewe unaona giza.

“Elewa vizuri,” alisema. “Unaona ya kabla. Unaona ya baada. Ile yenyewe uliyopiga, huioni. Kamera peke yake njo inaiona.”

Nilimjibu kwamba ni muda mdogo sana.

“Ni mudogo,” alisema. “Hata risasi ni mudogo.”

Nilipopewa kamera, sikukaa tena. Nilikwenda Kailo kwa baiskeli, nikarudi, nikaenda tena bila kuagizwa. Kampene wachimbaji walinifuata siku nzima wakiamini lenzi inaona dhahabu chini ya udongo. Jioni mmoja wao akaniomba niielekeze kwa mkewe nione anaficha nini. Obokote nilikaa mwezi mzima kwa ndege mmoja ambaye alikuwa akiimba nyuma yangu tu, mbele yangu kamwe. Katika daraja moja vijana wa Chama tawala walinisimamisha, mikono juu.

“Citoyen, weka chini ile bazuka!”

“Ni ya kupiga ndege.”

“Ndege gani? Za wapi? Za jeshi?”

Walinikalisha pale hadi mkubwa wao alipokuja kuchungulia ndani ya lenzi. Akamwona shorewanda akijisafisha mbawa, akacheka kama mtoto, na hakuirudisha kwa nusu saa. Bado nazikumbuka barabara zile kuliko nyumba yoyote niliyolala.

Lakini ninayotaka kuyaandika yalitokea hatua ishirini kutoka meza yangu, mwaka wangu wa tisa kazini.

Ua wa ofisi ulipakana na ua wa mwanamke anayeitwa Zaina. Katikati palikuwa na kichaka kikubwa cha mibaruti na mpera uliozeeka ndani yake. Mumewe, Asumani, alikuwa fundi cherehani. Miaka miwili nyuma alivuka mto kwa mtumbwi kwenda Alunguli kumpima mtu suti, na wakati wa kurudi mvua iliwakuta katikati ya maji. Mtumbwi ulipinduka. Watu watatu waliogelea. Futi yake ya kupimia ilikutwa imenasa kwenye matete. Yeye hakuonekana.

Siku moja nilikuwa karibu na ua nikisafisha lenzi, Zaina akaniita kutoka upande wa pili.

“We bwana wa muzinga! Ile kitu yako inaona mbali kweli, ao ni ya kutishia watoto?”

“Inaona, mama.”

“Mama ni mama yako. Mimi niite Zaina. Inaweza kuona ndani ya majani?”

“Kama iko kitu ndani ya majani.”

“Iko. Njo maana nakuita.”

Akanieleza. Asumani alipokuwa akirudi nyumbani alikuwa na mluzi wake wa getini: sauti tatu zinazopanda, moja fupi, na ya mwisho inayoshuka polepole. Zaina akiusikia, alikuwa akienda kuondoa komeo la mti kwa ndani. Tangu Asumani apotee, mluzi ule ulikuwa unasikika uani, asubuhi na jua linapotua. Mtaa mzima uliusikia.

Kwetu yupo ndege ambaye vitabu vya Kiswahili vinamwita kurumbiza, nasi tulimwita mwigaji: tumbo la rangi ya chungwa, kichwa cheusi, utosi mweupe kama kofia ya swala. Humwiga shorewanda, humwiga njiwa, huiga bawaba ya mlango. Nikamwambia Zaina ni huyo, bila shaka. Ndege alimsikia mumewe miaka mingi, akajifunza.

“Waambie wao,” alisema.

Wao walikuwa mwalimu wa msikiti na shemeji yake, Salumu, mdogo wa Asumani. Salumu alishikilia kwamba mtu anayepiga mluzi hajafa. Labda maji yalimpeleka mbali, labda akili imemruka, anazunguka, anakuja hadi karibu na nyumba na anaogopa kuingia. Kwa hiyo Zaina si mjane. Hawezi kukaa eda, hawezi kuondoka, hawezi kwenda kwa mama yake Kasongo ambaye alikuwa amepofuka na hana mtu wa kumpikia. Ni mke wa mtu, na mke wa mtu huomba ruhusa ya mumewe.

“Naomba ruhusa kwa mluzi,” Zaina alisema. “Miaka mbili. Nikimwambia Salumu mama anaumwa, ananijibu: ngoja mwenye nyumba, si unamsikia iko karibu?”

Alikuwa ameliwasilisha jambo kwa mwalimu wa msikiti. Mwalimu alikuwa mtu mpole aliyeogopa kukosea. Alimwambia: masikio ya mtaa mzima yanasema mume wako yu hai, siwezi kutamka amekufa. Niletee anayepiga mluzi, nimwone, nami nitatamka.

Kumwona ndiyo ilikuwa taabu. Ukisogea hatua kumi, kichaka kinanyamaza. Mzee Lusangi alipopata habari, alikuja na kopo lake la zamani la ulimbo, macho yanang’aa kama ya kijana.

“Kesho nitakuletea ndani ya kikapu, binti yangu. Uipeleke kwa mwalimu, imwimbie.”

Zaina alilitazama lile kopo.

“Na ukimushika, baba, ukamweka ndani ya kikapu kwa mwalimu, halafu jioni mluzi ukalia hapa?”

Lusangi alifunika kopo, akalirudisha nyumbani, na sikuliona tena.

Kwa hiyo ikabaki picha. Nilijiandaa kwa majuma matatu, na hii niandike kwa faida yenu. Nilitundika gunia kuukuu kwenye dirisha la jiko la Zaina, lenye tundu la kutosha mdomo wa lenzi, na siku sita za kwanza nilitokeza kipande cha bomba tu ili ndege wakizoee. Niligundua kwamba mwigaji hutua kwenye tawi kavu la mpera, upande wa kulia, jua likishafika kwenye tawi lile, na hatui akiona kivuli ndani ya jiko. Kwa hiyo nilifunika ukuta wa nyuma yangu kwa blanketi jeusi. Kutoka dirishani hadi tawini palikuwa na hatua tisa. Mzee Lusangi alikaa barazani muda wote kulinda heshima ya nyumba.

“Nitakuwa nakohoa mara kwa mara,” alisema, “watu wajue tuko wangapi.”

Alikohoa kwa bidii. Mara mbili alimfukuza ndege.

Katika siku zile niliusikia mluzi mara nyingi, na kila mara ndege alikuwa nyuma ya majani. Sikuwa na wasiwasi. Ni sauti ndogo, safi, yenye pumzi kidogo mwanzoni. Nilijiambia ndege wana pumzi pia.

Siku ya ushahidi mwalimu na Salumu walikuja baada ya sala ya alfajiri, wakaketi barazani, ukuta ukiwa kati yao na mimi. Hawakuweza kuniona, ila waliisikia kamera kila ilipolia. Mwalimu alitoa tasbihi yake.

“Kila mulio, punje moja,” alisema. “Mluzi ukilia, nitajua ni punje ya ngapi. Utuletee picha ya hesabu ile ile. Tukikuta ndege kinywa wazi, yamekwisha.”

“Na tukikuta hakuna ndege?” Salumu aliuliza.

“Tutajua pia,” mwalimu alisema.

Zaina alisimama nyuma yangu gizani, karibu na mafiga. Nilisikia kwamba alikuwa ameacha kupumua kabla yangu.

Ndege alikuja mwanga ulipogusa tawi. Nilipiga ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne akirukaruka. Ya tano aliimba, kinywa wazi kabisa, akimwiga shorewanda. Barazani nilisikia mwalimu akisogeza punje, na hakuna aliyeshtuka. Ya sita alijikuna shingo. Kisha akatulia. Koo lake likatuna kidogo. Nikatoa nusu ya pumzi, nikangoja, nikabonyeza.

Kioo kikaruka, kukawa giza, na ndani ya giza lile mluzi ukaanza.

Kioo kiliposhuka, tawi lilikuwa linacheza peke yake.

Barazani Salumu alipaza sauti: “Yaya! Yaya Asumani!” Nikasikia kiti kikianguka. Nilikuwa nimemdhania kuwa mkorofi anayemfungia mwanamke kwa uchoyo. Sauti ile haikuwa ya uchoyo. Ilikuwa ya mtu anayemngoja kaka yake, na hakuwa na njia ya kumngoja ila kwa kumtumia mke wa kaka.

“Punje ya saba,” mwalimu alisema.

Niliosha filamu mchana ule. Chumba chetu cha giza kilikuwa bafu la yule mzungu. Hadi leo kinanukia sabuni ambayo haiuzwi Kindu. Nilipoitundika filamu ikauke, niliitazama ya saba kwa kioo cha kukuzia.

Ndege alikuwapo. Picha ilitulia kuliko zote, hata nywele za pembeni mwa mdomo zilihesabika. Kinywa kilikuwa kimefungwa. Manyoya yalikuwa yamelala mwilini, amejikondesha kama kidole, shingo imenyooka, na jicho halikunitazama mimi wala dirisha. Lilitazama kushoto, getini. Miaka tisa nilikuwa nimewapiga ndege wa aina ile, naujua mkao huo. Hukaa hivyo mtu anapoingia.

Nilimwita Lusangi. Alitazama kwa jicho moja, halafu kwa jingine.

“Ulichelewa,” alisema.

“Sikuchelewa, mzee.”

“Basi uliwahi.”

“Mluzi ulianza ndani ya giza la kioo. Mwalimu alihesabu.”

Akatazama tena, muda mrefu.

“Ile jicho iko inaona muntu,” alisema polepole. Akaweka kioo mezani. “Ziko ngapi zenye kinywa wazi?”

“Moja. Ya tano.”

“Basi wewe njo umesoma. Unajua kuhesabu kunishinda.” Akaenda kunawa mikono, ingawa hakuwa amegusa kitu.

Nilibaki na filamu ile mpaka jua likashuka. Nikitoa ya saba, Zaina atabaki katika nyumba ile akiomba ruhusa kwa geti hadi azeeke, na mama yake atakufa bila mtu. Nikitoa ya tano, nitakuwa nimewadanganya mwalimu wa msikiti na mtu anayemlilia kaka yake, kwa kazi yangu mwenyewe, ambayo nilikuwa sijawahi kuidanganyia hata rangi ya unyoya. Karatasi ya picha haina namba. Namba iko pembeni mwa filamu tu. Nikachapa ya tano. Nyuma yake, kwa mwandiko wangu wa kunyooka, nikaandika saba.

Kwa hiyo, wadogo zangu, katika daftari la ofisi namba tano na namba saba za filamu ile zimebadilishana mahali. Filamu yenyewe iko kwenye bahasha ya kahawia, droo ya chini. Sahihisheni.

Mwalimu aliishika picha kwa vidole vya pande zote mbili kama ukurasa wa Kitabu.

“Hii njo ya saba?”

“Njo ya saba, mwalimu.”

Akampa Salumu. Salumu aliitazama, kisha, nadhani bila kujijua, akaiweka karibu na sikio. Alipoona tunamtazama, akaishusha haraka.

“Basi ni ndege,” alisema. Akalia mbele yetu, bila kujificha, kama watu wanavyolia msibani siku ya kwanza. Kwake ilikuwa siku ya kwanza.

Mwalimu akatamka. Zaina akaingia edani siku ile ile, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba ya mumewe kama inavyotakiwa.

Katika miezi ile mluzi uliendelea. Mtaa sasa ulicheka. “Ule ndege!” walisema, na watoto walijibu mluzi kutoka barabarani. Mimi niliomba safari ya Kailo, kisha Kampene, kisha Kailo tena. Mzee Lusangi, asiyependa safari, alihamisha meza yake upande wa pili wa ofisi, akasema ni kwa ajili ya hewa.

Eda ilipokwisha, Zaina alipata nafasi kwenye lori la kwenda Kasongo. Asubuhi ya safari aliniita pale pale uani. Alikuwa amekonda, amevaa kitenge kipya, na furushi lake lilikuwa dogo. Lori lilikuwa linapiga honi mwisho wa barabara. Nilijua nikinyamaza ataondoka salama, na nilijua pia kwamba sitaweza kuishika lenzi bila kutetemeka kama nitanyamaza.

“Zaina, ile picha si ya saba. Ni ya tano. Katika ya saba kinywa kimefungwa. Ndege alikuwa anasikiliza.”

Sikujua atafanya nini. Niliogopa ataweka furushi chini.

“Ilikuwa inatazama wapi?” aliuliza.

“Getini.”

Akatikisa kichwa kama mtu anayeambiwa bei anayoijua.

“Mimi nilikuwa nawasikia wote wawili mara moja, Ramazani. Ndege kwenye mpera anaiga shorewanda, na mluzi kwenye geti. Siku nyingi.”

“Na ulijua? Sasa picha ulitaka ya nini?”

“Mwalimu njo alitaka picha. Mimi nilitaka kwenda kwa mama.” Alipandisha furushi begani. “Mwaka wa kwanza nilikuwa naenda kumfungulia kila jioni. Naondoa komeo, nafungua: barabara tupu. Nikachoka. Mwenye mudomo wa kupiga mluzi iko na mukono wa kusukuma geti. Kama haingii, mimi nifanye nini? Nimukalie hapa, yeye nje, mimi ndani, mpaka tuzeeke?”

Honi ikalia tena. Alikwenda getini, akaondoa komeo, akafungua geti lote, akaliegemezea jiwe lisirudi. Alisimama pale kidogo, ameelekea barabarani, si kwangu.

“Haya,” alisema. “Mimi natoka. Nimeacha wazi.”

Akaenda kwa mwendo wa kawaida, na hakugeuka.

Adhuhuri Salumu alikuja, akafunga mlango wa nyumba kwa kufuli, akaondoka na ufunguo. Geti hakuligusa, nilimwona kwa macho yangu kutoka dirisha la ofisi. Jioni ile nilikaa kusubiri mluzi. Haukulia. Siku iliyofuata pia haukulia. Mwigaji alikuwapo kwenye mpera, aliimba shorewanda, aliimba njiwa, aliimba hata kikohozi cha mzee Lusangi, lakini mluzi haukusikika tena, mwaka ule wala miaka niliyobaki Kindu.

Siku ya tatu asubuhi nilimkuta Salumu amesimama barabarani mbele ya nyumba.

“Uliruka ua?” aliniuliza.

“Mimi? Kwa nini?”

Alinionyesha. Geti lilikuwa limefungwa. Jiwe la Zaina lilikuwa limesogezwa kando, vizuri, lisimkwaze mtu. Nililisukuma geti. Komeo lilikuwa limeshushwa kwa ndani. Juu ya ua tuliuona mlango wa nyumba, na kufuli lake likining’inia pale pale alipoliacha.

“Nilitaka kukuuliza wewe,” nikasema.

Tulisimama. Barabara ilikuwa imejaa watu wanaokwenda sokoni, wakatusalimia, tukawajibu. Salumu aliinua mkono kubisha hodi, ukabaki hewani karibu na ubao. Kisha akaushusha taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala.

“Tumuache, yaya,” alininong’oneza. “Amefika.”